Acheni Mama Mukubwa Aseme na Televizio

Jioni ya tatu baada ya kufika Punia kwa likizo, nilimkosoa mama mukubwa mbele ya watu. Alikuwa akizungumza na televizio. Baada ya hapo hakuzungumza nayo tena kwa muda wa wiki mbili, na uani kwake raha iliisha. Nimeona niandike habari hii katika jarida letu kwa sababu kosa nililolifanya nilijifunzia hapa hapa kitivoni, na sidhani niko peke yangu.

Mama mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Anakaa katika mojawapo ya zile nyumba za matofali zilizojengwa zamani za Symétain, zikarithiwa na SOMINKI, na leo zinarithiwa na yeyote anayeweza kuziba paa. Ana paneli moja ya jua, betri moja ya gari, na skrini iliyopasuka kona ya juu. Betri ikishiba mchana, jioni tunatazama saa mbili na nusu, hata tatu kama wingu halikutusumbua. Watu huja wenyewe: majirani, watoto na mikeka yao, vijana wanaotoka kuchimba kasiteriti wakiwa na matope miguuni. Hakuna anayelipa. Anayekuja na karanga huketi mbele, anayekuja mikono mitupu huketi nyuma, na kanuni hiyo haijawahi kuandikwa popote.

Safari hii tulikuwa na Maria. Nairobi waliianza Oktoba 2019 kwenye Citizen TV, wakaimaliza mwaka 2021, wakahamia kwa Zora, kisha kwa Sultana. Sisi wa Punia barabara yetu mnaijua. Vipindi vya zamani vya wengine ndivyo vipya vyetu. Vinanakiliwa Kindu na kijana mwenye kompyuta, vinaingia ndani ya flashi, vinapanda pikipiki, na vinafika vimechanganyika. Tulimwona mtu akiomba radhi siku mbili kabla ya kumwona akikosea.

Kwa asiyeijua, Maria ni msichana wa mtaa wa maskini wa Nairobi anayeingia kuishi katika jumba la familia tajiri, familia ya Hausa. Anampenda Luwi, mtoto wa nyumba hiyo, na Luwi ana mchumba wake, Sofia. Hadithi yenyewe ni ya kawaida, mmeshaiona Mexico na Ufilipino kwa Kifaransa. Kinachoitofautisha ni jinsi watu wanavyosema. Maria amekuja na maneno ya mtaani, Sheng na ukali wake, anakata sentensi kama anakata kuni. Wenye nyumba wanasema Kiswahili kilichopigwa pasi. Kabla hujaona gari wala sofa, umeshajua kwa sikio nani ni nani. Kwa mwanafunzi wa isimujamii hiyo ni chakula tayari mezani, na nilikaa pale na daftari dogo, nakiri, kama mtafiti.

Ila kuna jambo ambalo sikulitegemea. Watu wa uani walikuwa upande wa Maria kuanzia dakika ya kwanza, lakini walimwelewa Sofia kuliko walivyomwelewa Maria. Kiswahili cha matajiri kinafanana na kile cha kanisani, cha redio na cha kitabu cha shule. Kiswahili cha msichana maskini, aliye kama sisi, kilikuwa kigeni kabisa kwetu. Hata mimi, pamoja na miaka yangu ya kusoma lugha za Kiafrika, mara nyingine sikushika hata neno moja.

Hapo ndipo mama mukubwa alipokuwa na kazi. Yeye hatazami tamthilia kama sisi, anaingia ndani yake. Anamwonya Luwi: “Luwi, angaliya nyuma! Sofia eko nasikia!” Anamkemea mpishi, anamsifu mlinzi wa geti, anamuuliza mwenye nyumba kama hana mama. Na Maria anaposema neno lake moja la mtaani ambalo hakuna aliyelishika, mama mukubwa anageuka, anatutazama, anatufasiria: “Anasema: miye sikukuya huku kwa kuomba.” Alijuaje? Hakujua. Alitazama shingo ya yule msichana, mikono yake, jinsi alivyogeuka, akatafuta maneno yanayofaa. Wazee wawili wa jirani ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu, anawapa sehemu yao kwa Kikumu, kisha anarudi kwetu. Lugha tatu kwa pumzi moja, bila kupoteza kipindi.

Kazi hii si ya ajabu katika Afrika Mashariki. Kenya wana DJ Afro, ambaye watu wanatazama filamu za kigeni kwa ajili ya sauti yake kuliko kwa ajili ya filamu. Uganda wana wafasiri wa vibanda vya video wenye majina makubwa kama ya wachezaji mpira. Wote hao wanalipwa. Mama mukubwa alikuwa akifanya hivyo kwa karanga.

Sasa, jioni ya tatu. Sofia alikuwa amesema jambo baya juu ya Maria mezani, na mama mukubwa akatangaza: “Bale batu ya ile nyumba banamuogopa mutoto ya maskini.” Ni sentensi nzuri. Ukiifikiria, hata ni uchambuzi: hawamdharau, wanamwogopa. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisema, tena nikitabasamu: “Mama mukubwa, si ‘bale batu ya ile nyumba’. Ni ‘wale watu wa nyumba ile wanamwogopa mtoto wa maskini’.”

Watoto walicheka. Mmoja wao, wa miaka minane hivi, akairudia sentensi yangu kwa sauti ya msoma habari, na wakubwa nao wakacheka. Mama mukubwa alicheka kidogo, akafunga kitambaa chake upya, akasema: “Sawa, mwalimu.” Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniita mwalimu. Kesho yake alikuwa ndani akimenya karanga wakati sisi tuko nje. Siku zilizofuata alitoka, aliketi, alitazama. Kimya. Maria alipofungua mdomo tulitazamana kama watu waliofiwa na mkalimani.

Turudi kitivoni kidogo, maana nilipata muda mrefu wa kuifikiria sentensi ile. Nilimkosoa kwa mambo gani? Kwanza ba-: batu, bale, banamuogopa. Kila mmoja wetu aliyefaulu somo la Kibantu linganishi anajua kwamba kiambishi cha ngeli ya pili katika lugha mama ya Kibantu ni *ba-, na kwamba wa- ya Kiswahili cha pwani ni ba- iliyolegea. Balega na Bakumu wanaibeba hadi leo katika majina yao. Pili mu-: mutoto. Hapo pia pwani ndiyo iliyopunguza. Irabu ilianguka huko, kwetu imesimama. Sidai kwamba mama mukubwa aliyapokea maumbo hayo mazima kutoka kwa mababu bila kupitia popote. Bila shaka Kikumu na Kilega vimeyatia nguvu. Lakini mimi niliyaita makosa mbele ya watoto, na katika mtihani ningeyaita uhifadhi, nikapata alama. Ya tatu ni ile “ya” moja inayofanya kazi ya wa, ya, za na la. Hiyo kweli ni ugeuzi wa kwetu, imerahisisha. Nani alisema kurahisisha ni dhambi? Waingereza wamefanya hivyo na jinsia zote za majina yao na hakuna aliyewahurumia.

Tena kuna suala la umri. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko na wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili kilikuwa tayari kwenye Lualaba. Nairobi ya Maria na Luwi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Njia iliyoleta lugha hii kwetu ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, na hakuna sababu ya kuisifu. Lakini lugha ilibaki, wajukuu wa waliotekwa wakaifanya yao. Kisha mwaka 1928 watu walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo. Hatukushindwa mtihani ule, hatukualikwa kuufanya.

Wenzangu watasema: haya yote ni ya kitabuni, televizio ina uhusiano gani? Uhusiano niliuona asubuhi, uani, wakati watoto wakicheza “Maria”. Niliwatazama siku nne. Anayechaguliwa kuwa tajiri anabadilisha Kiswahili chake mara moja: “Sitaki kukuona tena katika nyumba yangu!” Anayekuwa mlinzi wa geti, mwizi, au mlevi, anasema kama tunavyosema sisi: “Patron, miye sijuwe, banapita hapa.” Hakuna mtu mzima aliyewagawia hivyo. Mtoto wa miaka minane ameshapanga ngazi, na bibi yake amemweka ngazi ya chini.

Sitaki kuitupia Maria lawama yote. Watengenezaji wake wa Nairobi walikuwa wakisimulia tabaka za mji wao, na walizisimulia vizuri. Msichana wa mtaani ndiye shujaa, na ulimi wake ndio silaha yake. Tatizo liko kwenye mkusanyiko mzima wa vitu tunavyotazama. Fikirieni tamthilia zinazotiwa sauti. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na ikapendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Baadaye Azam TV ikaleta za Kituruki. Humo kila mtu anasema Kiswahili kimoja: sultani na mtumwa wake, mama mkwe na mkaza mwana, daktari na mgonjwa. Beijing wanasema sanifu, Istanbul wanasema sanifu. Tajiri wa Nairobi anasema sanifu. Ulimwengu mzima, ukiutazama kutoka Punia, unasema sanifu isipokuwa sisi. Na Mkongomani akitokea katika vichekesho vya majirani zetu, wale niliowaona mimi, anatokea ili lafudhi yake ichekwe kabla hajamaliza sentensi.

Mtu akitazama hivyo jioni baada ya jioni, hahitaji mpwa msomi wa kumwambia kwamba lugha yake ni mbovu. Mimi niliweka muhuri tu.

Rafiki yangu mmoja wa darasani, niliyemsimulia haya, alinijibu kwa hasira kidogo. Alisema mimi nina sanifu yangu tayari mfukoni, ni rahisi kwangu kuwaambia wengine wabaki na “batu”. Nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kijana wa Punia atakayetafuta kazi Dar au Kampala ataulizwa Kiswahili gani? Na ni nani aliyemfundisha sanifu bure kama si hizi feyeton? Shuleni wanamfundisha kwa Kifaransa, kitabu cha Kiswahili hajakiona.

Ana haki, na sitajifanya hana. Kijana mmoja wa machimboni pale uani anasema sanifu ya kupendeza, na hajawahi kuvuka Lubutu. Yote kaipata kwenye skrini. Makala hii yenyewe naiandika kwa sanifu, si kwa Kiswahili cha uani, kwa sababu nataka wasomaji wa Goma na wa Lubumbashi wanielewe bila kukwama, na kwa sababu, nikisema ukweli, naogopa mhariri. Lakini kijana yule alijifunza bila kuachishwa chochote. Akimaliza kumwiga Luwi anarudi kwa “banapita hapa” na wenzake wanamwelewa. Ninachokataa ni ile hatua ya pili, ya kumgeukia aliyekaa karibu yako na kumwambia anyamaze mpaka ajifunze.

Isitoshe, nchi hii iliwahi kufanya vingine. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilicheza redioni na kwenye televizio kwa Kiswahili cha mji wao, kile cha machimbo na cha reli. Johannes Fabian aliwafuata, na kitabu chake cha 1990, Power and Performance, kinaonyesha jinsi walivyojenga mchezo mmoja mwaka 1986 kutokana na msemo kuhusu mamlaka yanayoliwa mazima. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Waliukubali mpango wa hadithi, kisha wakatunga mazungumzo wakicheza, na mwishowe mchezo ukapigwa picha kijijini kwa ajili ya televizio. Ninachotaka tukione ni kidogo tu: mtemi katika mchezo ule anasema Kiswahili cha Lubumbashi. Wazee wake wa baraza pia. Mwenye madaraka na asiye nayo wanagombana kwa lugha ile ile ambayo mtazamaji atagombania kesho yake na jirani. Watu walicheka sana na Mufwankolo, lakini walicheka kwa alichosema.

Maniema hatuna Mufwankolo wetu. Tuna vijana wenye simu zinazopiga picha nzuri kuliko kamera za 1986, na wanachokitengeneza ni klipu ambamo mjinga anasema kama bibi yao. Nilipendekeza kwa mwalimu mmoja kwamba kazi yangu ya mwisho iwe juu ya maneno ya watazamaji mbele ya skrini: nani anafasiri, kwa lugha gani, nani ananyamazishwa. Alinijibu kwa upole kwamba hiyo ni mazungumzo ya uani, nitafute matini. Nimeheshimu jibu lake na sikulikubali. Fabian alikaa na waigizaji wasio na maandishi, na sisi leo tunasoma matini aliyoyatoa humo kwa mtihani.

Sasa niseme jinsi ilivyoisha, maana haikuisha kama nilivyopanga. Nilijaribu kuomba radhi na mama mukubwa akanikatiza. Kwake jambo hilo halikuwa na maneno. Kilichotusaidia ni mvua. Usiku mmoja maji yaliingia kwenye spika, na kesho yake tulikuwa na picha bila sauti. Midomo ilifunguka na kufungwa. Dakika mbili, tatu. Kisha mmoja wa wale wachimbaji, kutoka nyuma kwa wasio na karanga, akapaza sauti: “Mama, sema basi!” Na wengine: “Sema, mama!”

Alisita. Alinitazama mimi, hilo sitalisahau. Halafu akaanza, kwanza taratibu, kwa Maria peke yake, kisha kwa wote. Maria akapata Kiswahili cha Punia, kikali, na matusi mawili ya Kikumu ambayo wazee walikubali kwa kichwa. Luwi naye Kiswahili chetu, cha kubembeleza. Nikangoja kumsikia Sofia. Nilikuwa nimeshaandika kichwani sentensi ya makala hii, kwamba hatimaye tajiri na maskini watasema sawa. Sofia akafungua mdomo, na mama mukubwa akampa hii: “Mais enfin, Luwi! Ule mutoto, c’est qui?”

Uani pakapasuka kwa kicheko. Kumbe naye ana ngazi yake, na juu kabisa hakuweka sanifu ya Nairobi. Aliweka Kifaransa cha mke wa mkurugenzi, kile alichokisikia utotoni kupitia ua wa nyumba za kampuni. Bado sijui niiweke wapi habari hiyo katika hoja yangu. Nimeiacha hapa kama ilivyo.

Nilikuwa nimewasha simu kurekodi. Nina dakika arobaini, na mvua kidogo juu ya bati. Spika ilikauka siku mbili baadaye, lakini watu waliomba sauti ya mashine ipunguzwe. Usiku wangu wa mwisho, kati ya kipindi na kipindi, mama mukubwa aliniinamia akaniuliza polepole: “Minasema muzuri?” Nilimwambia betri imebaki kidogo, aendelee.